Mkate wa Mwalimu Mgeni

Katika parokia zetu za Bukavu, Goma na Lubumbashi si vigumu kumkuta kijana ambaye, baada ya kazi za mchana, hufungua daftari la Kiingereza kwa mwanga wa simu. Ukimwuliza anakusudia nini, atakujibu bila kusita kwamba anataka kutafuta kazi ng'ambo. Mmoja anataja Zambia, mwingine Uganda, mwingine Kanada; na wapo wanaotumaini kwamba Kiingereza chenyewe kitakuwa jembe lao, yaani kwamba watawafundisha wengine lugha hiyo na kuishi kwa kazi hiyo. Hatuandiki ili kuwazuia, wala ili kuwasukuma. Tumeona vema tuwasimulie jinsi watu wengine walivyokula mkate huo katika nchi isiyo yao. Tumeichagua Japani ya karne ya 19, kwa sababu huko maisha ya mwalimu mgeni yanaonekana peupe tangu siku ya kupokelewa hadi siku ya kuagwa.

Japani ilikuwa imewafahamu wageni zamani. Mtakatifu Fransisko Xaveri alifika huko mwaka 1549, na imani ikaenea kwa haraka. Kisha watawala wakaingiwa na hofu. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nagasaki. Mwaka 1614 dini yao ikapigwa marufuku nchi nzima. Na kabla ya karne hiyo kufika nusu, milango ilikuwa imefungwa. Kati ya Wazungu walibaki Waholanzi tu, wachache, juu ya kisiwa kidogo katika bandari ya Nagasaki. Mgeni mwingine aliyetia mguu pwani alikamatwa, na Mjapani aliyetoka nchini kisha akarudi aliweza kuuawa. Mtu angetafutaje kazi katika nchi ya namna hiyo?

Mtu mmoja alijaribu. Ranald MacDonald alizaliwa mwaka 1824 karibu na mlango wa mto Columbia, katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Baba yake alikuwa Mskoti, mtumishi wa kampuni iliyofanya biashara ya ngozi za wanyama. Mama yake alikuwa binti wa Comcomly, chifu wa Wachinook, naye alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Kijana alipokua alitafutiwa ukarani katika benki huko Kanada. Kazi ile ilimchosha roho. Tena, katika jamii ya Wazungu, damu ya mama yake ilimfungia milango mingi. Akaiacha kalamu, akawa baharia.

Mwaka 1848 alikuwa katika meli iitwayo Plymouth, iliyowinda nyangumi katika bahari ya kaskazini ya Japani. Alikuwa amepatana na kapteni kwamba ukifika wakati wake atapewa mashua ndogo, chakula na vitabu vyake, kisha aachwe peke yake. Mwezi wa Juni akaachwa. Alipokaribia kisiwa cha Rishiri aliipindua mashua kwa makusudi, ili aonekane kama mtu aliyeokoka katika ajali, maana alihesabu kwamba hata watawala wakali humhurumia aliyetupwa na bahari. Watu wa kabila la Ainu walimpokea na kumkabidhi kwa wakubwa wa serikali. Akasafirishwa chini ya ulinzi, kituo kwa kituo, hata mwezi wa Oktoba akafika Nagasaki.

Hapo alihojiwa mbele ya gavana. Mlangoni aliambiwa kwamba pana sanamu chini, naye sharti aikanyage. Ilikuwa sanamu ya madini ya Bikira Maria na Mtoto. Katika kumbukumbu zake MacDonald alieleza, bila kuona haya, kwamba yeye alikuwa Mprotestanti na hivyo aliikanyaga bila kusita. Kwake ilikuwa hatua moja ya mguu ili apate usalama. Lakini katika vijiji vya jirani na mji uleule waliishi Wakristo waliojificha, watu ambao tangu vizazi saba waliamriwa kukanyaga picha kama hiyo, kisha wakarudi nyumbani kuomba msamaha gizani. Hao ndio waliojitokeza mwaka 1865 mbele ya padre Petitjean, Mfaransa, katika kanisa la Oura. Hatumhukumu MacDonald. Twasema tu kwamba mlango wa nchi ya watu una kizingiti chake, na kila anayeuvuka huambiwa akanyage kitu fulani. Asiyejua kilicho chini ya mguu wake hukikanyaga kwa wepesi.

Mahojiano yakaendelea. Alipoulizwa kama anamwamini Mungu aliye mbinguni, alijibu ndiyo. Alipoulizwa anaamini nini hasa, akaanza kukariri Nasadiki ya Mitume kwa Kiingereza. Alipofikia jina la Bikira Maria, mkalimani alimkatiza haraka, kwa sauti ya chini, kwamba imetosha. Mkalimani huyo aliitwa Moriyama Einosuke. Huenda kwa kukatiza vile alimwokoa mfungwa. Na mfungwa huyo akawa mwalimu wake.

Maana Wajapani walikuwa na haja. Wakalimani wa Nagasaki walijua Kiholanzi kwa ufasaha, lakini meli zilizozidi kuonekana pwani zilikuwa za Waingereza na Wamarekani. Kwa hiyo wakalimani 14 wakaagizwa kujifunza kwa mfungwa. MacDonald hakuwa na diploma ya ualimu, wala mkataba, wala mshahara. Alikuwa na chumba chenye fito za mbao, chakula cha kila siku na walinzi mlangoni. Wanafunzi walisoma kwa zamu mbele yake, naye akawasahihisha matamshi, hasa herufi L iliyowashinda. Yeye mwenyewe aliandika maneno ya Kijapani katika daftari lake kadiri alivyoyasikia. Kwa kazi hiyo ya miezi michache anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa katika Kiingereza kukifundisha Japani. Aprili 1849 meli ya kivita ya Marekani, Preble, ilikuja kuwachukua mabaharia waliofungwa, naye akaondoka pamoja nao.

Mbegu ilibaki. Wamarekani waliporudi chini ya Perry na kuulazimisha mkataba wa mwaka 1854, Moriyama alikuwa miongoni mwa wakalimani mezani. Miaka michache baadaye kijana mmoja, Fukuzawa Yukichi, aliyekuwa ametumia ujana wake kusoma Kiholanzi, alitembelea bandari mpya ya Yokohama, akakuta hawezi kusoma hata vibao vya maduka, kwa kuwa vilikuwa vya Kiingereza. Alirudi Edo akiwa amevunjika moyo, akamwendea Moriyama ili afundishwe. Moriyama alikuwa na shughuli nyingi mno za serikali hata somo halikupatikana, na Fukuzawa akajifunza kwa kamusi. Huyo ndiye aliyekuja kuanzisha chuo cha Keio. MacDonald hakuyajua hayo. Alihangaika katika machimbo ya dhahabu ya Australia, akarudi Amerika, akafariki mwaka 1894 bila kuiona tena Japani. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1923.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1868 serikali ya Mfalme Meiji ilitangaza kwamba maarifa yatatafutwa duniani kote. Ikaanza kuajiri wageni: walimu, wahandisi, madaktari, wanasheria. Katikati ya miaka ya 1870 waliolipwa na serikali walizidi 500. Mishahara yao yashangaza hata leo. Mwingereza Thomas Kinder, mkuu wa kiwanda cha kufulia sarafu cha Osaka, alipokea yeni 1,045 kwa mwezi, na waziri mkuu Sanjo Sanetomi mwenyewe alipokea 800. Twaomba wasomaji wasiipite habari hiyo kwa haraka. Serikali maskini ilikubali kumlipa mgeni kuliko kiongozi wake, kwa kuwa ilijua anachokuja kutoa, na ilijua pia kwamba atakitoa kwa muda uliowekwa. Jina walilopewa wageni hao, yatoi, maana yake ni mtu wa kuajiriwa. Hawakuitwa mabwana wala wafadhili. Mkataba uliandika kazi, miaka na malipo, na wakati huohuo vijana wa nchi walikuwa wakiandaliwa kushika mahali pao. Mskoti Henry Dyer alifika mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 24, kuongoza chuo cha uhandisi cha Tokyo. Waliofaulu vizuri zaidi katika wanafunzi wake walipelekwa Uingereza, nao waliporudi wakavipokea viti vya walimu wao.

Si kila aliyeajiriwa alistahili. Katika miaka ya mwanzo haja ilikuwa kubwa na mabingwa wachache, basi mabaharia wasio na meli na wauza pombe wa Yokohama walijikuta mbele ya ubao, kwa sababu tu Kiingereza kilikuwa lugha ya mama zao. Mmarekani William Griffis, mwalimu wa kweli aliyefika Fukui mwaka 1871, aliwalalamikia sana watu hao. Nasi tunalijua jambo hili hata sasa: pengine asiyejua kufundisha huitwa mwalimu kwa rangi ya uso wake na matamshi yake, naye aliyesomea ualimu hukaa nje.

Aliyepewa kazi ya kuwatengeneza walimu hao wa Tokyo alikuwa Guido Verbeck, na habari zake zinastahili nafasi. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1830, akasomea uhandisi, akahamia Marekani, kisha akatumwa Nagasaki mwaka 1859 kama mmisionari wa Kiprotestanti. Dini ilikuwa bado imekatazwa, basi akafundisha Kiingereza, na vitabu alivyotumia vilikuwa Agano Jipya na Katiba ya Marekani. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo kijana Okuma Shigenobu, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Mwaka 1869 Verbeck aliitwa Tokyo kushauri serikali na kuongoza shule iliyozaa baadaye Chuo Kikuu cha Tokyo. Hata hivyo mtu huyo aliyeaminiwa na mawaziri hakuwa na taifa. Uraia wa Uholanzi ulikuwa umempotea kwa kukaa nje muda mrefu, na wa Marekani hakuupata. Mwaka 1891, baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 30, serikali ya Japani ilimpa pasipoti ya pekee ili aweze kusafiri na kuishi nchini pamoja na jamaa yake. Alizikwa Tokyo mwaka 1898. Kijana anayepanga foleni mbele ya ubalozi akishika makaratasi yake asidhani kwamba taabu hiyo imeanza naye.

Lakini tusidanganyane. Wageni hao, tofauti na MacDonald, walikuwa na mizinga nyuma yao. Mikataba ya mwaka 1858 haikuwa ya usawa: Mwingereza au Mmarekani aliyekosa Japani alihukumiwa na konsuli wake, si na hakimu wa nchi. Hali hiyo ilikoma mwaka 1899, na mwaka huohuo wageni wakaruhusiwa kukaa popote. Hapo serikali ilitoa amri nyingine, kwamba vibarua wa kigeni wasifanye kazi nje ya maeneo ya zamani bila ruhusa. Amri hiyo iliwalenga Wachina. Mlango mmoja ulifunguliwa kwa mwalimu na kufungwa kwa mchukuzi, na sisi, tukiangalia ramani ya dunia ya leo, tunaelewa vizuri ni upande gani wa mlango ambao wengi wa ndugu zetu husimama.

Na nchi yetu pia iliwahi kuita walimu wa nje. Baada ya tarehe 30 Juni 1960 Wabelgiji wengi waliondoka kwa ghafla, na Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Walikuja, kwa njia ya Umoja wa Mataifa na shirika lake la UNESCO, walimu kutoka Haiti, watu weusi wenye kusema Kifaransa, ambao wengi wao walikuwa wakiukimbia utawala wa Duvalier. Wazee wetu waliosoma kwao bado wanawataja. Tofauti na Japani ni kwamba sisi tuliita walimu kama mtu anayeita majirani nyumba ikiwaka moto. Hatukuwa tumeachiwa muda wa kuandaa watakaowapokea.

Turudi Japani, kwa mtu ambaye pengine ndiye mwalimu mgeni aliyependwa kuliko wote. Lafcadio Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama Mgiriki na baba Mwairishi, daktari wa jeshi. Wazazi walitengana, akalelewa Dublin na jamaa tajiri wa baba yake, akapelekwa shule ya Kikatoliki ya Ushaw huko Uingereza, na hapo, akiwa na umri wa miaka 16, jicho lake la kushoto likapofuka kwa ajali ya mchezo. Yule jamaa akafilisika. Kijana wa miaka 19, mwenye jicho moja, alitumwa Marekani, akaonja njaa ya Cincinnati kabla ya kupata kazi ya magazeti. Mwaka 1890 alifika Yokohama kuandika habari kwa wachapishaji wa Marekani. Alipogundua kwamba mchoraji aliyefuatana naye amelipwa zaidi yake, alivunja mapatano, akabaki katika nchi ya mbali bila kazi.

Mwingereza mmoja, Basil Hall Chamberlain, alimsaidia. (Huyo Chamberlain alikuwa profesa wa lugha ya Kijapani katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwafundisha Wajapani sarufi yao wenyewe, historia ina mizaha yake.) Kwa msaada wake Hearn alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya Matsue, mji mdogo wa magharibi, kwa yeni 100 kwa mwezi. Huko alimwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai ulioanguka katika umaskini. Na hapo mshahara wa mgeni ukapata midomo mingi: wazazi wa mke, waliomlea mke, babu. Mwaka uliofuata alihamia Kumamoto kwa yeni 200, na mzigo wa jamaa ukafuatana naye. Hakuna msomaji wetu anayehitaji kuelezwa jambo hili. Kila aliyewahi kupokea feza kutoka kwa kaka aliye ng'ambo, au kumwandikia ili azitume, analijua.

Mwana wao wa kwanza alipozaliwa mwaka 1893, Hearn alianza kusumbuliwa na swali la sheria. Yeye alikuwa raia wa Uingereza. Kama angeiandikisha ndoa yake kwa Waingereza, mke na mtoto wangekuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Kama asingeiandikisha, aliogopa kwamba siku akifa mali yake itadaiwa na jamaa wa mbali ambao hawakumjali. Mwaka 1896 akachagua: akapokewa kama mwana katika ukoo wa mkewe, akawa Mjapani, akaitwa Koizumi Yakumo. Mwaka huohuo alianza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tokyo kwa yeni 400 kwa mwezi, kiwango cha mgeni. Akawa na jina la wenyeji na mshahara wa wageni, na mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja kwa muda mrefu.

Mapema mwaka 1903 alipata barua kwamba mkataba wake utakwisha mwezi wa Machi. Wanafunzi walinung'unika na kumwombea. Chuo kikampa nafasi ya saa chache kwa malipo madogo. Yeye, aliyeumizwa moyo, akakataa. Aliyekuja kushika sehemu ya masomo yake alikuwa Mjapani, Natsume Soseki. Serikali ilikuwa imempeleka Soseki London tangu mwaka 1900 hadi 1902 ili ajifunze Kiingereza. Posho yake ilikuwa ndogo. Alikodi vyumba vya bei rahisi, akahama mara kwa mara, akajifungia na vitabu hata afya ya akili yake ikatetereka. Mmoja alikwenda Japani akapata mke, jina na makao. Mwingine alikwenda Uingereza akapata upweke mtupu. Na huyo wa pili ndiye aliyerudi kumwondoa wa kwanza, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa mwenzake, mbele ya wanafunzi waliokuwa bado wakimlilia mwalimu wao wa zamani.

Tumejadiliana kati yetu kama Hearn alionewa. Baadhi yetu wanasema ndiyo, maana hakuajiriwa tena kama mgeni, wala hakuhesabiwa kama mwenyeji. Wengine wanakumbusha kwamba mpango ulikuwa huo tangu mwaka 1868, tena ulikuwa mpango wa haki: mtoto wa nchi afundishwe hadi aweze kusimama penye kiti cha mgeni. Hoja zote mbili zina uzito, na hatukufaulu kuzipatanisha. Soseki naye hakukipenda kiti hicho. Mwaka 1907 alikiacha, akaingia gazetini kuandika riwaya.

Mwaka 1904 chuo cha Waseda kilimwita Hearn kufundisha. Mwanzilishi wake alikuwa Okuma Shigenobu, yule aliyesoma Kiingereza kwa Verbeck, mtu asiye na taifa, juu ya kurasa za Agano Jipya. Hearn alifundisha hapo miezi michache tu, akafariki tarehe 26 Septemba mwaka huohuo. Kaburi lake liko Zoshigaya, Tokyo, katika makaburi yaleyale alimozikwa Soseki miaka 12 baadaye.